Askari wa Kipilefti: Mhadhara kuhusu Ukumbusho Usio na Majina

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, na ninyi wanafunzi wa usanifu majengo mliojibanza nyuma karibu na feni,

Nimeombwa nizungumzie ukumbusho mmoja wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na jinsi ulivyobuniwa. Nimechagua ule ambao karibu kila mmoja wenu amewahi kuutumia kumwelekeza mgeni: ukifika kwenye Askari, kata kushoto. Sanamu ya Askari iko katikati ya Dar es Salaam, kwenye kipilefti cha Barabara ya Samora, na imekuwa alama ya njia kwa muda mrefu kiasi kwamba tumesahau kuwa kuna mtu aliyekaa akaichora, kuna ofisi iliyoijadili, na kuna fedha zilizolipwa ili isimame pale ilipo. Kwa nini ni mtu na si mnara? Kwa nini shaba juu ya jiwe? Na lile ambalo kwangu ndilo swali lenyewe la jioni hii: kwa nini haina jina la mtu hata mmoja?

Nianze na kinachoonekana. Ni Mwafrika mmoja wa shaba, amevaa sare ya vita, mguu mmoja umetangulia, mwili umeinamia mbele, bunduki iko mikononi na singe imeelekea upande wa bandarini. Hayuko kwenye gwaride, anashambulia. Fuateni kwa macho kutoka kisigino cha mguu wa nyuma, mpitie goti, nyonga, bega, mpaka ncha ya singe: mtaona nguvu yote inasukumwa upande mmoja, kama upinde uliovutwa ukaachiwa. Ndiyo maana ukitokea mtaa wowote, hata jua likiwa machoni, unamtambua. Sanamu ya kipilefti haichagui mtazamaji wake. Magari yanaizunguka, watu wanaiona ubavuni, kisogoni na kila pembe, na nyingi huharibika ukizitazama kwa nyuma. Hii haiharibiki. Aliyeichonga, Mwingereza James Alexander Stevenson, aliijua kazi yake. Ilimiminwa London, ikaonyeshwa kwa muda katika Royal Academy na kusifiwa, kisha ikasafirishwa huku na kuzinduliwa mwaka 1927. Mchongaji huyohuyo ndiye aliyetengeneza sanamu za Nairobi na Mombasa za kuwakumbuka watu wa vita ileile. Sina ugomvi na mikono yake. Ugomvi wangu, kama ni ugomvi, ni na agizo alilopewa.

Kabla ya sanamu hii, Wajerumani nao walikuwa na yao mjini humu. Ilikuwa ya Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wao, na ilichongwa na Adolf Kürle. Ninyi wa usanifu itazameni picha yake mkiipata, maana inasema mengi bila maandishi. Wissmann amesimama juu ya kitako, mkono kwenye upanga, anatazama mbali. Chini, miguuni pake, yupo askari Mwafrika. Amemwinulia uso bwana wake huku akimfunika simba aliyekufa kwa bendera. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, sanamu ile iling'olewa na kuchukuliwa kama nyara. Baadaye ilirudishwa kwa wenyewe, ikasimamishwa Hamburg mwaka 1922 mbele ya chuo kikuu, na hapo wanafunzi wakaiangusha mwaka 1967, ikainuliwa, wakaiangusha tena mwaka 1968. Haikuinuka tena.

Kwa hiyo ukizipanga sanamu hizi mbili, utaona askari amepanda cheo. Kwa Mjerumani alikuwa chini ya kitako akitazama juu, na kwa Mwingereza yuko juu ya kitako peke yake, hamtazami mtu. Ni hatua kubwa, na siidharau. Katika miaka ya 1920, kumweka Mwafrika peke yake juu ya jiwe katikati ya mji wa kikoloni, bila afisa wa kizungu pembeni, halikuwa jambo dogo. Lakini huyu aliyepandishwa ni nani? Hana jina. Ni askari, basi.

Sasa tushuke kwenye kitako. Maandishi yake yako kwa Kiingereza na Kiswahili, na yalitungwa na mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling. Sitayanukuu. Kwa ufupi yanawataja askari Waafrika waliopigana, kisha wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha wengine wote waliotumika na kufa kwa ajili ya mfalme na nchi yao. Mwishoni yanatoa ahadi kwamba mtu akipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Maandishi yenyewe yanaahidi jina, na jiwe lililobeba ahadi hiyo halina jina. Nimewahi kuvuka ile barabara, nikikwepa bajaji na bodaboda, ili niyasome kwa utulivu, na nawaambia wabunifu wa kesho: maandishi yanayohitaji mtu ahatarishe maisha ili ayasome yamewekwa kwa ajili ya picha, hayakuwekwa kwa ajili ya msomaji.

Wapagazi, nao wako wapi? Askari yuko juu, mpagazi ameishia kwenye kitako. Hapo mpangilio unaisaliti historia, kwa sababu vita ile ilikuwa ya wapagazi kuliko ilivyokuwa ya mtu mwingine yeyote. Mbung'o waliua farasi, punda na ng'ombe wa jeshi, barabara za magari zilikuwa chache na mvua ikinyesha zinageuka tope, na reli haikufika majeshi yalikokuwa yakikimbizana. Kila risasi, kila gunia la unga, kila machela ya majeruhi ilikwenda kichwani au begani mwa mtu. Jeshi la Uingereza na washirika wake waliandikisha karibu watu milioni moja wa kubeba katika kampeni ya Afrika Mashariki. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba zaidi ya 95,000 kati yao walikufa, na wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na unga uliosagwa vibaya na kupikiwa watu ambao nyumbani kwao chakula chao kilikuwa ndizi au mtama. Nairobi angalau walimpa mpagazi mwili: kati ya watu watatu wa shaba waliosimama pale Kenyatta Avenue, mmoja wao ni yeye. Sisi tuliokuwa na kambi yao kubwa hapa Kariakoo tulimpa mahali pa kufia, na sanamu ikaenda kwa mwingine.

Mniruhusu nitoke Dar es Salaam kidogo, kwa sababu bila kwenda Ulaya hatutaelewa kwa nini jiwe letu ni tupu.

Mwaka 1917 Uingereza iliunda tume ya kifalme ya makaburi ya vita. Mwaka uliofuata Frederic Kenyon aliiandikia mapendekezo yaliyokuwa ya kimapinduzi kwa nchi ile ya matabaka: afisa na askari wa kawaida wapewe jiwe la aina moja, kipimo kimoja, karibu sentimita 81 kwa 38, lenye jina la mtu, na tajiri asiruhusiwe kumjengea mwanawe kaburi la fahari zaidi. Ambao miili yao haikupatikana wangechongwa majina kwenye kuta. Ukuta mmojawapo ni lango la Menin huko Ypres, Ubelgiji, lililobuniwa na Reginald Blomfield. Lilizinduliwa Julai 1927, mwaka uleule wa Askari wetu, likiwa na majina zaidi ya 54,000. Na hata hivyo lilikuwa dogo, majina mengine maelfu yakalazimika kupelekwa kwenye makaburi ya Tyne Cot. Yale majina yamechongwa moja moja, herufi kubwa, kwenye jiwe jeupe la Portland, kuta nzima ndani na kwenye ngazi. Wamo pia Wahindi waliokufa upande ule.

Na Kipling mwenyewe? Mwanawe John alipotea katika vita vya Loos mwaka 1915. Baba alitafuta kaburi mpaka akafa bila kuliona. Lakini jina la John lilichongwa kwenye ukuta wa Loos, pamoja na majina ya wengine zaidi ya 20,000 ambao hawakuwa na kaburi linalojulikana. Mtu aliyejua kwa uchungu wa nyumbani kwake jina kwenye jiwe lina maana gani kwa mzazi ndiye aliyetuandikia sisi maneno ya kuwakumbuka watu wetu kwa jumla. Simlaumu yeye, si yeye aliyeamua. Lakini ubunifu wa ukumbusho huanza kwenye uamuzi wa nani ahesabiwe mmoja mmoja na nani ahesabiwe kwa mkupuo. Mchongaji huja baadaye.

Uamuzi huo una karatasi zake. Sir Horace Byatt, gavana wa kwanza wa Tanganyika chini ya Waingereza, alikuwa na maoni kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na ya kwingineko, yaachwe yarudi porini upesi iwezekanavyo. Mwaka 1923 gavana wa Gold Coast (Ghana ya leo), Guggisberg, alisema kwamba mwenyeji wa kawaida asingeelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Ndipo likapatikana suluhisho la bei nafuu: badala ya mawe mengi yenye majina, sanamu chache za pamoja mijini. Sanamu yetu nzuri ni jibu la swali hilo. Mwaka 2021 tume yenyewe, ambayo siku hizi inaitwa ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikadiria kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao wa Afrika, Asia na Mashariki ya Kati, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Wengine wasiopungua 116,000, na pengine wakafika 350,000, hawakutajwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wa hawa walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri.

Hiyo hoja ya kwamba Mwafrika haelewi jiwe la kaburi nataka kukaa nayo kidogo. Nendeni Kunduchi, hapo tu kaskazini mwa jiji. Kwenye magofu kuna makaburi ya minara yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa, na nguzo zake zina matundu ya duara. Humo ndimo zilimokuwa zimepachikwa bakuli za Kichina, moja juu ya nyingine, na mafundi walikuwa wamekata jiwe kwa kipimo cha tako la bakuli hata likaingia bila kuyumba. Kaole, karibu na Bagamoyo, kuna minara mingine. Gedi, Kenya, kuna kaburi lenye tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mafundi wa pwani walichagua tumbawe laini linalotolewa baharini likiwa bichi, wakalichonga herufi na nakshi kabla halijakauka, na likikauka linakuwa gumu. Huu ni ustadi wa watu waliojua vizuri mno jiwe la kaburi ni nini. Na kaburi lenye maandishi linafanya kinyume cha Sanamu ya Askari: halikuonyeshi umbo la mtu, linakwambia ni nani aliyelala hapo, au alilazwa lini.

Mtanipinga, na kwa haki, kwamba wengi wa wapagazi hawakuwa watu wa pwani. Walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wakamba, Wakikuyu, Wajaluo na wengine wengi, na kwao kaburi halikuwekewa maandishi. Ni kweli. Lakini kwao jina halikuachwa lipotee. Kwa wengi wao mjukuu alipewa jina la babu, na jina likaendelea kuitwa uani na machungani. Ukimwambia Mnyamwezi wa mwaka 1919 kwamba mwanawe aliyefia Rufiji atakumbukwa kwa sanamu ya mtu asiyemfahamu, katika mji asioujua, sidhani kama angeona kwamba amekumbukwa. Jina lake angelielewa, hata kama hajui kusoma, ilimradi asomewe.

Yupo atakayeniambia kwamba Cenotaph ya London nayo haina majina. Hoja hiyo ni nzuri na ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Edwin Lutyens aliijenga kwanza kwa mbao na plasta mwaka 1919 kwa ajili ya gwaride la siku moja, watu wakaijaza maua, ikabidi ijengwe upya kwa jiwe la Portland mwaka 1920. Haina sanamu ya mtu, haina msalaba. Hata mistari yake inayoonekana imenyooka haikunyooka: ile ya wima ingekutana angani mbali sana ikiendelezwa, na ile ya mlalo ni vipande vya duara kubwa ambalo kitovu chake kiko ardhini. Jicho halijui kwa nini jiwe lile limetulia vile, lakini linahisi. Ni kaburi tupu, na utupu wake unamkaribisha kila mtu aweke wafu wake. Sasa, kwa nini utupu ule unakubalika na wetu unaniudhi? Kwa sababu mama wa Kiingereza aliyesimama mbele ya Cenotaph alikuwa na jina la mwanawe mahali pengine: kwenye jiwe la kijijini kwao, au Menin, au Loos, au kwenye ukuta wa Thiepval, Ufaransa. Ukumbusho usio na majina unakubalika pale ambapo majina yapo kwingine. Mama wa Tabora hakuwa na kwingine.

Kuna jambo lingine ambalo Sanamu ya Askari imelinyamazia, na wenyeji wa Dar es Salaam wa wakati ule walilijua fika. Mji huu ulikuwa wa Wajerumani mpaka 1916. Vijana wa huku walioshika bunduki walikuwa, kwa sehemu kubwa, upande wa pili. Kuna familia ambazo ndugu mmoja alikuwa askari wa Mjerumani na mwingine akaingia Keya, yaani King's African Rifles ya Waingereza, baadaye. Maandishi ya kitako yanawakumbuka waliokufa kwa ajili ya mfalme, na yule aliyekufa akiwa na kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, katika mapigano ya Mahiwa hayumo. Wala hayumo mpagazi aliyechukuliwa na Wajerumani kijijini kwa kamba shingoni. Ukumbusho wa mshindi huwa hivyo mahali pengi duniani. Ila sisi hatukushinda wala kushindwa. Vita ilipita juu yetu, ikala chakula cha Ugogo na kuacha njaa nyuma yake.

Tufanye nini basi? Wako wanaosema sanamu ing'olewe ipelekwe makumbusho. Mimi sikubali. Ni kazi nzuri, mji umeizoea, na ukiing'oa utabaki na kipilefti chenye tangazo la simu. Wako wanaotaka kibao kipya kwenye kitako. Hilo nalo silipendi, kwa sababu nilizozieleza za bodaboda. Maoni yangu ni kwamba askari abaki alipo na majina yajengewe mahali pengine, penye kivuli, mtu anapoweza kufika kwa miguu na mtoto mkononi. Kwangu mimi pangekuwa Mnazi Mmoja. Pale tayari upo Mnara wa Mashujaa, ambapo katika Siku ya Mashujaa viongozi wetu wamekuwa wakiweka mkuki na ngao, sime, upinde na mishale pamoja na mashada ya maua, na ni hatua chache tu kutoka Kariakoo ilipokuwa kambi.

Juu ya jinsi ya kuujenga ukumbusho huo wa majina, kuna mfano mpya wa kujifunza. Januari 2025, Cape Town, ulizinduliwa ukumbusho wa watu wa vikosi vya kazi wa Afrika Kusini, wengi wao Waafrika weusi, waliokufa katika vita ileile bila kaburi linalojulikana. Majina ni 1,772. Hawakutumia jiwe. Walisimamisha nguzo za mbao ngumu za mti wa iroko, yaani mvule, kila moja na mtu wake, na mtembeaji anapita katikati yao. Ukisimama katikati ya nguzo hizo unakuwa mmoja wao. Lakini hapa kwetu, na mchwa na unyevu wa bahari, ningeogopa mbao. Tumbawe bichi la baharini siku hizi hatuwezi kulivunja, na la nchi kavu lina matundu mno, herufi ndogo hazishiki. Nadhani itale ya Dodoma inafaa, iliyosuguliwa upande mmoja tu, na ukuta usizidi kimo cha kifua. Majina ya juu kabisa ya Menin huwezi kuyagusa, na mtu anayetafuta jina la babu yake hutaka kuligusa.

Kisha kuna kazi ngumu kuliko jiwe, nayo ni orodha. Kwa baadhi ya vikosi kumbukumbu zipo. Kwa vingine karani aliandika namba, au jina moja tu, Juma au Mabula au Otieno, bila ubini, bila kijiji, na kwa masikio ya Mzungu aliyesikia vibaya. Tutawapangaje? Kwa alfabeti, Juma wote watakaa pamoja, mia kwa mia, na huenda hilo si baya. Kwa wilaya, wengi watakosa pa kukaa. Kwa cheo, sitaki hata kusikia. Kenyon alishalimaliza hilo mwaka 1918. Na tahajia zile mbovu tuzisahihishe, au tuzichonge zilivyo kwenye daftari? Mimi ningezichonga zilivyo, niache nusu ya upana wa kila mstari wazi, ili siku familia ikija na jina kamili fundi aongeze. Hilo linaongeza gharama ya jiwe karibu maradufu, najua, na mhandisi wa gharama aliyeketi pale tayari ameanza kuandika.